Sahani ya Papa Kando ya Mlango

Kabla sijajua kusoma nilijua kusikiliza maji. Nyumba yetu ilikuwa katika komini ya Tshopo, kaskazini mwa mji wa Kisangani, mwendo mfupi kutoka kwenye maporomoko yenye bwawa la umeme, na ngurumo yake iliingia ndani bila kubisha hodi, ikakaa nasi mchana kutwa kama mtu wa nyumbani. Wageni walipotutembelea walisema kwetu kunanguruma, nasi tuliwashangaa, kwa sababu hatukusikia kitu. Ilikuwa sauti ya namna hiyo, unaisikia pale tu inapobadilika. Mama aliitumia kujua habari za mvua iliyonyesha mbali msituni. Ikiwa nzito asubuhi alisema maji yamepanda, na siku hiyo hatukuruhusiwa kwenda mtoni kuloweka mihogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kichwa kilichopenda kuchanganya mambo, na niliamini kwamba sauti ile ni Mungu, au angalau ni pumzi yake. Siku moja nilimwambia katekista wetu. Alicheka kwa upole, akaniambia kwamba Mungu hakai kwenye bwawa la umeme, kisha akaturudisha kwenye ukurasa tuliokuwa tunausoma.

Papa, baba yangu, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, kama wengi wa watu wetu waliofungua maduka Kisangani. Mara moja kwa mwezi alipakia sabuni, chumvi na betri kwenye baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, akateremka na mto hadi Isangi, akarudi na samaki wa moshi, mchele na madumu ya mawese. Aliporudi, nyumba nzima ilinuka safari yake kwa siku tatu. Moshi wa samaki uliingia kwenye mapazia, kwenye daftari zangu, hata kwenye nywele za mdogo wangu Désiré, ambaye alikuwa na miaka minne na alipenda kulala juu ya magunia. Mpaka leo nikipita sokoni penye samaki wa moshi, mguu wangu hupunguza mwendo wenyewe. Siwezi kueleza furaha ile kwa mtu ambaye baba yake alikuwa anarudi nyumbani kila jioni.

Papa akiwa safarini, Mama alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa majirani zetu. Alipopika, alipakua sehemu ya Papa kwanza, kabla ya kutupakulia sisi. Aliiweka kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kigoda kando ya mlango. Mtu yeyote aliyefika mlangoni kabla ya mlo uliofuata, sahani ile ilikuwa yake. Nimewahi kuona ikiliwa na fundi wa baiskeli, na mwanamke aliyepotea njia, na mlevi mmoja aliyelia kwa shukrani mpaka tukaona aibu. Asipofika mtu, kesho yake asubuhi chakula kilipashwa moto tukala mimi na Désiré. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mgeni haulizwi jina wala atokako mpaka amalize kula. Mama aliyapata haya kwa mama yake, ambaye naye aliyapata kwa watu waliokuwa wakisafiri kwa miguu wakipeleka chumvi msituni. Siku moja nilimwuliza maana yake.

"Huko papa yako iko, kuna mama fulani anamupakulia," alisema, akichambua mchele bila kuniangalia. "Ye anamupakulia wa kwetu. Na sisi tunamupakulia wa kwake."

"Hii iko dini, Mama?"

"Hapana. Hii iko adabu tu."

Jibu hilo lilinitosha, maana dini niliijua: ilikuwa na kitabu, na kengele, na katekista mwenye fimbo ndefu ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Tulikuwa watoto kama thelathini chini ya paa la bati nyuma ya parokia, na aliyetuzidi wote alikuwa Béa, binti wa jirani zetu wa nyumba ya tatu. Béa alijua sala zote. Nilipokwama alinisogezea neno kwa midomo bila sauti, huku akitazama mbele kama malaika asiye na hatia. Nilimpenda, na nilimwonea wivu kidogo, na sioni sababu ya kuficha hilo sasa.

Mwaka huo wa elfu mbili, majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yameingia mjini kwetu yakiwa marafiki yaligombana yenyewe kwa yenyewe, na mahali pa ugomvi wao pakawa mitaa yetu. Papa alikuwa ameondoka wiki moja kabla. Siku sita tulikaa kwenye kijia chembamba katikati ya nyumba, mbali na madirisha, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Mama alishika rozari, mimi nilishika mkono wa Désiré, na Désiré alishika mfuko wa sukari ambao hakukubali kuuachia. Tulisali mpaka maneno yakaisha ladha. Ninachokumbuka zaidi ya mabomu ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuyasikia maji. Mlio wa vita ulikuwa umeyafunika, nami nilijiambia, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba Mungu ameshikilia pumzi. Nilingoja aachie.

Siku ya nne bomu liliangukia jikoni kwa akina Béa. Yeye na mama yake walikuwa humo.

Mapigano yalipokoma, ngurumo ya maporomoko ilirudi, tena kubwa kuliko zamani. Watu walisema mitambo ya umeme imesimama na sasa maji yote yanamwagika bure. Mji ulikuwa na giza na kiu, na bado maji yalinguruma usiku na mchana. Tulitembea kwenda parokiani tukiruka vipande vya mabati, na hewa ilinuka plasta iliyolowa na maembe yaliyooza, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyaokota. Katekista alitukusanya tuliobaki. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema Mungu ametembea bustanini mwake akachuma ua zuri kuliko yote. Leo ninajua kwamba yeye pia alikuwa anatafuta kitu cha kushika. Siku ile nilimchukia. Nilikaa kwenye benchi, nafasi ya Béa ikiwa tupu ubavuni mwangu, nikajiuliza ni Mungu gani huyo anayechuma maua kwa bomu, na kwa nini tumpigie magoti.

Habari za Papa hazikufika. Mashua zilikuwa zimesimama. Mtu mmoja alisema baleinière yake ilipigwa risasi chini ya mto, mwingine akasema aliiona imefungwa salama kwenye mti, na wote wawili waliapa. Mama aliwasikiliza wote kwa uso uleule, akawashukuru, akaingia ndani. Kisha akaweka nadhiri. Alimwahidi Bikira Maria kwamba nitapokea komunyo yangu siku iliyopangwa, nikiwa nimevaa nguo nyeupe, vita au si vita, na yeye Bikira amrudishe Papa. Alitoa kitambaa cheupe alichokuwa amekificha sandukuni tangu harusi yake, akampelekea Papa Saleh, fundi cherehani wa mtaa wetu. Papa Saleh alikuwa Mwislamu wa zile familia za zamani zilizofika mjini enzi za misafara, mtu wa maneno machache, na cherehani yake ya kukanyaga haikuhitaji umeme. Alinipima mabega, akatikisa kichwa. "Mutoto amekonda," alisema. "Nitaachia nafasi kwa pembeni, atanenepa tena." Hakukubali malipo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: kurudi kwa Papa kulikuwa kumewekwa mabegani mwangu, pamoja na lile gauni. Na mimi nilijua jambo ambalo Mama hakulijua, kwamba sikuweza tena kusema Nasadiki. Katekista alituita mmoja mmoja kusimama mbele na kuikariri Kanuni ya Imani. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikafungua mdomo, na neno la kwanza, lile Nasadiki lenyewe, halikutoka. Halikuwa limesahaulika. Nililijua vizuri, na yote yaliyolifuata. Lakini nilitazama ile nafasi kwenye benchi, ambapo hakukuwa na midomo ya kunisogezea kitu, nikaona kwamba nikilisema nitakuwa ninadanganya mbele ya Béa. Katekista alingoja. Wenzangu walikohoa. "Bon, Masika," alisema mwishowe, kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko fimbo, "utarudi siku ya posho." Kwetu posho ni Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira na njaa. Siku hizo tulikula mara moja tu, na chakula kilikuwa lituma, ndizi za kuchemsha zilizotwangwa, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Mama alikuwa amekwenda kutafuta maji na Désiré mgongoni. Sahani ya Papa ilikuwa kwenye kigoda, maana Mama hakuacha kuipakua hata siku moja, hata siku zile sita kwenye kijia. Nilikaa mbele yake. Niliifunua. Nikajiambia kwamba hakuna mama yeyote huko Isangi, kwamba haya yote ni mambo ya kutuliza watoto, kwamba Papa amekufa kama Béa na watu wazima wanajua. Nikala. Nilikula kwa mikono miwili, haraka, nikilia, na nitasema ukweli, kilikuwa kitamu. Kisha nikairamba sahani, nikaifunika tena vizuri, kana kwamba kuna kitu ndani.

Chakula kilikuwa hakijapoa kinywani mwangu alipofika yule mwanamume. Alisimama mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, na alinuka samaki wa moshi. Kwa nusu ya pumzi nilidhani ni Papa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mutoto," alisema, "nipatie mayi kidogo."

Nilimpa maji kwenye kikombe. Alikunywa yote. Kisha macho yake yakatua kwenye kigoda, kwenye sahani iliyofunikwa, yakakaa hapo. Alijua ni nini, hilo niliona wazi, namna mtu anavyotambua kitu cha kwao. Akasubiri kidogo, kwa adabu. Mimi nilisimama nimeshika kikombe kitupu, na sombe ikiwa bado kwenye vidole vyangu. Akanishukuru, akageuka, akashuka na njia iendayo mtoni. Nilipopata miguu ya kumfuata nilifika mpaka kwenye kona, na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu. Nilisimama hapo muda mrefu. Maji yalikuwa yananguruma.

Mama aliporudi nilimwambia yote, palepale, kabla hajatua ndoo. Nilimwambia kuhusu sahani, na yule mtu, na mwisho kuhusu lile neno lililokataa kutoka. Kuhusu sahani, aliiondoa ikiwa tupu, akakaa kwenye kigoda chenyewe, akajipangusa uso kwa ncha ya liputa, kitenge alichojifunga. "Kuanzia kesho utapakua weye," alisema. "Utaanza na ya papa yako." Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote. Lakini kuhusu Nasadiki alibadilika, na sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia kabla.

"Unataka papa yako asirudie?"

"Nataka arudie, Mama."

"Alors sema tu ile maneno. Ni maneno tu, Masika."

"Kama ni maneno tu, yatamurudisha namna gani?"

Alinyanyua mkono, nikafikiri atanipiga. Aliushusha. Jumamosi nilisimama tena mbele ya katekista, na neno halikutoka tena, na yeye akachora mstari juu ya jina langu polepole, kama mtu anayetaka kuzuiwa.

Jumapili ile Mama alivaa, akamshika Désiré mkono, wakaenda kanisani bila mimi. Gauni lilibaki limetundikwa ukutani, jeupe sana katika chumba kile. Nilibaki na hofu ambayo sijaonja tena mfano wake: nilikuwa nimemuua baba yangu kwa ukaidi. Nilipika kile kidogo kilichokuwepo. Nikapakua sehemu ya Papa kwanza, nikaongeza juu yake nusu ya sehemu yangu, nikaiweka kwenye kigoda, nikakaa chini kando yake. Kwa mbali nilisikia kengele, na watoto wakiimba. Papa Saleh alipita, akaniona, akatazama gauni kupitia mlango ulio wazi. Alielewa. "Nguo haina haraka," alisema tu, akaendelea na njia yake.

Karibu na saa sita akafika mwanamke mwenye furushi kichwani na mtoto kifuani. Sikumwuliza jina. Nilimfunulia sahani, nikamnawisha mikono, nikakaa nikamtazama akila. Alimpa mtoto tonge dogo, kisha akala yeye, polepole, macho yamefumba. Sijui niseme nini juu ya dakika zile isipokuwa kwamba zilikuwa ndefu na tulivu, jua likiingia mpaka kwenye miguu yake yenye vumbi, na nyuma ya kila kitu yale maji. Niliona kwamba hofu yangu imekaa chini, kama mbwa aliyechoka kubweka. Nilikuwa ninaamini jambo. Sikuwa na jina la jambo lenyewe, wala sikujua kama linaweza kumrudisha mtu. Nilijua tu kwamba mahali fulani, mtu nisiyemjua ameinamia chungu, na anaanza na sehemu ya baba yangu. Nikalisema lile neno, kwa sauti ndogo. Mwanamke yule alifikiri ninamkaribisha maji, akaitikia.

Papa alirudi baada ya wiki nyingi, siku ya kawaida isiyo na sikukuu yoyote, akitembea kwa miguu kutoka bandarini bila mzigo. Alikuwa mwembamba na ndevu zilikuwa na mvi. Mama alikaa chini barabarani. Désiré hakumtambua, akajificha nyuma yangu, na mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Baada ya kuoga na kula alitusimulia. Mashua ilikuwa imezuiwa Isangi, bidhaa zote zikachukuliwa na wenye bunduki, naye akaugua homa. Mwanamke mmoja alimkuta amelala barazani kwake, akamwingiza ndani.

"Mama mumoja Mulokele, wale watu ya mtoni," Papa alisema. "Hanijue, simujue. Bwana yake alikuwa amepanda huku Kisangani na samaki, kabla ya vita. Kila siku anamupakulia bwana yake wa kwanza, anafunika, anaweka. Njo ile nilikula. Kila siku, chakula ya ule mwanaume. Nilisema, hii nimeiona kwetu."

"Na bwana yake?" niliuliza.

"Wakati naliondoka, alikuwa hajarudia."

Mama aliniangalia, nikamwangalia. Hakumwambia Papa habari za yule mtu wa mlangoni, wala siku hiyo wala baadaye. Asubuhi yake alishusha lile gauni ukutani. Nilifikiri ananivalisha kwa nguvu twende kanisani tukamshukuru Bikira. Akachukua mkasi, akakata kipande cha mraba kutoka kwenye pindo, akakikunja kingo kwa sindano, akafunika nacho sahani ya bati. Kisha akavaa akaenda kanisani kushukuru, peke yake, bila kuniuliza kama ninakuja.

Papa alifariki miaka mingi baadaye, kitandani mwake, na sisi sote tumemzunguka. Mimi ninafundisha jiografia katika shule moja hapa mjini, na Mama anaishi nami. Kila Jumapili ninamsindikiza mpaka lango la parokia, tunaagana, ninarudi. Kisangani ya sasa ina kanisa kila avenyu na spika kila kanisa, na toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, zinagombea njia na pikipiki, hata kusikia maporomoko ni mpaka uende kuyatafuta. Watu wananiuliza ninasalia wapi, yaani katika kanisa gani. Hilo ndilo swali la mji wetu, linakuja kabla ya kuuliza una watoto wangapi. Nikijibu kwamba ninasalia nyumbani wananihurumia, na baadhi wananialika kwao. Siwabishii. Wakati mwingine ninatamani kuwa na kile walicho nacho, zile nyimbo hasa, na kusimama mabega kwa mabega na wengi. Lakini mimi dhambi yangu niliifanyia mlangoni, na huko mlangoni ndiko nilikobaki.

Nina vigoda vipya sasa, na sahani ya bati imebanduka ukingo wote wa buluu. Kitambaa kimetiwa viraka mara mbili. Juzi binti yangu, ambaye ana miaka kumi, aliniona nikipakua, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelingojea tangu azaliwe.

"Mama, hii iko ya nani? Babu alishakufa."

Nilimsimulia juu ya mwanamume aliyelowa magotini, aliyeniomba maji.

"Na huyo atarudia?"

Nilimwambia sijui. Aliweka kijiko chini. Kisha akainuka, akakisogeza kigoda karibu zaidi na mlango, ili mtu akisimama nje akione.